Kabla Hujamwaga Chupa Kwenye Tenki, Sikiza Stori ya Changamwe

Wadau, leo hakuna video. Nimejaribu kuirekodi hii mada mara tatu nikaona dakika moja na nusu haitoshi. Kwa hivyo tulia usome.

Stori ilianza kwenye foleni ya feri, upande wa Likoni. Probox ya mjomba wangu ikaanza kumisi. Mnaijua ile foleni: unazima, unawasha, unasogea mita tano, unazima tena. Tulipovuka tukaingia kituo fulani cha mafuta, na kijana wa pampu akatuletea kichupa. "Mzee, tia hii. Inasafisha nozeli, inasafisha injini yote, gari itakuwa nyepesi mpaka ushangae." Mjomba akanitazama. Mimi, ambaye nilikuwa nimeshaona video kama kumi za Wamarekani wakimimina vitu kama hivyo, nikamwambia tia mjomba, hiyo inafanya kazi. Akatoa elfu moja na mia mbili.

Siku ya tatu gari ikamisi tena, safari hii tukipanda kuelekea Changamwe. Tukaisukuma mpaka kwa fundi mmoja Magongo. Fundi akatoa plagi, zimeshika masizi meusi. Akachota petroli kidogo kwenye kifuniko, akanisogezea puani. "Nusa." Nikanusa. Mafuta taa, harufu ya jiko la nyanya kabisa.

Nikamuuliza, "Mzee, kumbe ile chupa ni uongo?"

Akacheka. "Si uongo, kijana wangu. Ni dawa. Lakini si dawa ya ugonjwa wenu."

Hiyo sentensi ilinikaa kichwani wiki nzima. Nikaanza kusoma kuhusu vitu vinavyotiwa ndani ya petroli, tangu mwanzo, na nikagundua mambo mawili. La kwanza, swali la kama hizi dawa zinasafisha injini lina jibu, na jibu lake si "ndiyo" wala "hapana". La pili, kipande kikubwa cha historia hii kimepita hapa hapa kwetu, na hakuna aliyetusimulia shuleni.

DAWA YA KWANZA ILIKUWA SUMU

Turudi nyuma miaka mia moja. Injini za zamani zilikuwa na tatizo la kugonga. Ndani ya silinda, sehemu ya petroli inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, unasikia ka-ka-ka, nguvu inapotea na injini inaharibika. Desemba 1921, kwenye maabara ya General Motors mjini Dayton, Ohio, injinia mmoja anaitwa Thomas Midgley na wenzake wakapata kitu kinachonyamazisha ule mgongo. Kilikuwa kemikali yenye madini ya risasi. Kiasi kidogo tu kwenye galoni na injini inatulia.

Februari 1923 ikaanza kuuzwa. Wakaipa jina "Ethyl". Angalia hilo jina vizuri: neno risasi halimo, na kwamba risasi ni sumu watu walikuwa wanajua tangu zama za Warumi.

Oktoba 1924, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mafuta huko New Jersey, waliokuwa wakitengeneza ile kemikali, wakaanza kuona vitu visivyokuwepo na kupiga makelele. Watano wakafa. Waandishi wa habari wakaja juu. Midgley akaitisha mkutano, akanawa mikono kwa ile dawa mbele yao na kuivuta puani, kuonyesha ati haina neno. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye mwenyewe alikuwa amechukua likizo kwa sababu ya sumu hiyohiyo ya risasi. Wallahi huyo jamaa angekuwa hai leo angekuwa na wafuasi milioni kumi.

Lakini sehemu inayotuhusu sisi wa chupa ni hii. Risasi iliponyamazisha injini, ilileta shida mpya: majivu yake yaliganda kwenye plagi na valvu. Dawa ikachafua. Wakafanya nini? Wakatia dawa ya pili, kemikali yenye bromini, kazi yake kuyashika yale majivu na kuyatoa nje kupitia ekzosi. Injini ikabaki safi. Uchafu ukahamia hewani na kwenye vumbi la barabarani, halafu kwenye damu ya mtoto anayecheza kando ya barabara.

Kwa hivyo ukiniuliza kama dawa ya petroli inaweza kuiweka injini safi, historia inasema inaweza, tena iliweza zamani sana. Swali ambalo halikuulizwa ni uchafu ule umekwenda wapi.

CHANGAMWE INAINGIA

Mwaka 1963, mwaka uleule wa uhuru, kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza kazi Changamwe. Kilianzishwa na Shell na BP kwa jina la East African Oil Refineries, na serikali ikaja kuchukua nusu ya hisa mwaka 1971. Mafuta ghafi yanashushwa Kipevu, yanachemshwa Changamwe, yanatoka petroli, dizeli, mafuta taa. Bomba la kwenda Nairobi lilipoanza kazi mwaka 1978, mafuta yakawa yanasukumwa bara kutoka hapa. Uganda, Rwanda, wote walikuwa wakitegemea mlango huu. Ukiwa mtoto wa Port Reitz au Chaani, ule mwali wa moto juu ya mnara ndio ulikuwa taa yako ya usiku.

Petroli iliyotoka pale kwa miaka mingi ilikuwa na risasi. Ilikuwa njia rahisi ya kuipandisha daraja bila kujenga mitambo ya bei. Hatukuwa peke yetu. Dunia karibu yote ilifanya hivyo. Lakini dunia ilianza kuacha mapema. Marekani ilianza kuitoa miaka ya sabini, na ujue sababu mojawapo kubwa haikuwa watoto. Mwaka 1975 magari mapya yalianza kuja na kile kifaa cha kusafisha moshi, na risasi ilikuwa inakiua. Yani chuma kililindwa kwanza.

Kwetu ilichelewa. Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegali, zikakubaliana kuondoa risasi kwenye petroli ifikapo mwisho wa 2005. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake ni Gigiri, Nairobi, likasukuma jambo hilo mpaka likaiva. Januari 2006 Kenya ikaingia bila petroli ya risasi. Nchi ya mwisho duniani kuacha ilikuwa Algeria, Julai 2021. Mimi nilikuwa nimeshamaliza shule ya msingi zamani. Si historia ya mababu hii.

Mjomba anakumbuka. Anasema madereva walitishana ati gari kuukuu zitaungua valvu, kwa sababu risasi ilikuwa inazilainisha. Hofu hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli kwa injini za zamani zenye chuma laini, zikiendeshwa kwa kasi na mizigo mizito. Lakini angalia tulichokuwa tunahofia. Miaka arobaini na zaidi ya kupumua risasi, na siku inaondolewa swali letu ni, "Je, valvu?"

Na kama unadhani risasi ni mambo ya mbali, panda matatu mpaka Mikindani uteremke Owino Uhuru. Pale, kuanzia 2007, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari kando ya nyumba za watu ili kupata risasi. Phyllis Omido alifanya kazi pale, mtoto wake akaugua, vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu. Akapigana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na 2015 akapewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaivunja hukumu hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Haikuwa petroli, lakini madini ni yaleyale, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Gari iliwashwa na betri, na mtaa ndio uliobaki na majivu.

SASA TURUDI KWENYE CHUPA

Dawa zinazouzwa leo si risasi. Tusichanganye. Hizi ni sabuni, na zina historia yake tofauti.

Mwaka 1954 kampuni ambayo leo inaitwa Chevron ilianza kutia sabuni kwenye petroli ya Marekani ili kusafisha kabureta. Miaka ya themanini, magari mengi yakaacha kabureta yakahamia nozeli, na hapo shida ikawa kubwa. Tundu la nozeli ni jembamba sana. Likizibwa kidogo tu, petroli haitoki kama moshi mwembamba, inatoka kama mkojo wa mbuzi, na gari inamisi. Wakati huohuo ikaja sabuni ya nguvu zaidi, polietha amini, ambayo kwenye karatasi ya chupa huandikwa PEA. Kuanzia Januari 1995 serikali ya Marekani ikalazimisha petroli yote iwe na sabuni. Mwaka 2004 BMW, General Motors, Honda na Toyota wakaona kiwango cha serikali ni kidogo, wakaweka chao cha juu zaidi.

Je, inafanya kazi? Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima. Injini iliyotumia petroli isiyofikia kile kiwango cha juu ilikuwa na uchafu mara 19 zaidi, kwa wastani, baada ya kazi inayolingana na maili 4,000, yani kama kilomita 6,400. Hiyo si tofauti ndogo. Kwa hivyo wale wanaosema ati hizi dawa zote ni maji ya rangi, hapana. Sabuni nzuri inasafisha.

Lakini soma tena: walilinganisha petroli ambayo ina sabuni kila siku na petroli ambayo inayo kidogo. Haikuwa mtu anamwaga chupa moja akiwa ameshakwama.

Na hebu tuelewe uchafu wenyewe unatoka wapi. Nozeli huziba zaidi gari ikiwa imezimwa kuliko inapotembea. Unazima injini ikiwa moto, tone la petroli linabaki kwenye ncha ya nozeli, joto linalipika, nyepesi inapaa, nzito inabaki kama gundi. Washa, zima, washa, zima. Umeona sasa kwa nini nilianza na foleni ya Likoni? Safari fupi na foleni ndefu ndiyo hali mbaya kabisa kwa nozeli. Mtu wa Likoni anayevuka kila siku ana sababu ya kweli ya kufikiria sabuni, kuliko jamaa anayenyoosha kwenda Malindi bila kusimama.

Kuna mahali sabuni haifiki, hata iwe ya dhahabu. Kwenye gari ya kawaida nozeli inanyunyiza petroli nyuma ya valvu, kwa hivyo petroli yenye sabuni inaiosha valvu. Lakini kuna injini ambazo nozeli inanyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda. Mitsubishi walizitoa kwa wingi kuanzia 1996, Toyota nao wakaja na zao za D-4, zile ambazo kila fundi Mombasa akizisikia anavuta pumzi. Kwenye injini hizo petroli haigusi valvu za kuingiza hewa hata kidogo. Mvuke wa oili unaganda pale, na chupa uliyomwaga kwenye tenki inapita chini bila kuonana nao. Itasafisha nozeli, sawa. Valvu zitangoja fundi afungue.

Na ndugu zangu wa boda: boda nyingi zilizoko mtaani zina kabureta, nozeli hazina. Juzi nimeona kijana Mlaleo anamimina dawa ya nozeli kwenye pikipiki yenye kabureta. Nikanyamaza tu. Nilikuwa na makosa yangu mwenyewe.

Jambo jingine: si kila sabuni ni sawa. Kuna za kizazi cha kabla ambazo zilisafisha valvu vizuri, lakini mabaki yake yakajirundika ndani ya silinda. Mnaukumbuka ule mchezo wa risasi? Kila dawa inaacha kitu mahali. PEA inasifiwa kwa sababu huungua vizuri na kuacha kidogo. Ukiona chupa haisemi ndani yake mna nini, imejaa picha za moto na magari ya mashindano tu, kumbuka jina "Ethyl".

MELI MOJA, MATENKI MAMOJA

Watu hubishana sana mtandaoni: mafuta ya kituo hiki ni bora, ya kile ni mabaya. Ukweli ni kwamba kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta Septemba 2013. Tangu hapo petroli yetu yote inakuja kwa meli ikiwa tayari. Inanunuliwa kwa mfumo wa pamoja, na tangu 2023 chini ya mkataba wa serikali na kampuni tatu za Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Ikishushwa Kipevu inaingia kwenye matenki ya pamoja. Kampuni kubwa na kampuni ndogo wanachota kisima kimoja. Tofauti ya petroli kama V-Power na ile ya kawaida ni ile dawa inayotiwa baadaye, na hiyo tofauti ni ya kweli. Lakini msingi ni mmoja.

Maana yake ni hii: petroli yetu kwenye bomba haina ubaya wa kabila la kituo. Ubaya mwingi unaingia baada ya hapo, kati ya depo na pampu. Na jina lake tunalijua: kuchakachua.

Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa na kodi ndogo, ili maskini wapikie. Mwenye tamaa akaona faida, akachanganya kwenye dizeli na petroli. Ndani ya injini ya petroli, mafuta taa ni mazito, hayawaki vizuri, yanaleta mgongo, yanaacha masizi kwenye plagi na silinda. Serikali ilikuwa inatia alama ya siri kwenye mafuta taa ili wakaguzi waweze kuyakamata. Halafu mwaka 2018 ikaja na suluhisho jingine: tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili bei ikaribiane na dizeli na uchakachuaji ukose faida.

Hesabu ina akili, sikatai. Lakini nani alilipa? Mama wa Kisauni anayepikia jiko la mafuta taa. Yeye hana gari, hana lori, hana hata nozeli moja maishani mwake, lakini alilipishwa ili injini zetu zibaki safi. Na bado, kama pua yangu ilivyothibitisha pale Magongo, mchezo haujaisha.

Hapo ndipo nilipomwelewa fundi. Sabuni inaondoa gundi ya petroli halali. Haigeuzi mafuta taa kuwa petroli, haitoi maji kwenye tenki, haifufui plagi iliyokufa, haizibi nozeli iliyochakaa. Lakini inauzwa kama dawa ya yote hayo, kwa sababu ni rahisi kumuuzia mjomba chupa kuliko kumuuliza mwenye pampu ametia nini kwenye tenki lake.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kama gari yako ina nozeli za kawaida, imetembea sana, unakaa kwenye foleni kila siku na petroli yako ni safi, chupa yenye PEA mara moja moja ina maana, au tumia petroli yenye dawa mara kwa mara. Kama gari imeanza kumisi ghafla baada ya kujaza, weka hiyo elfu mfukoni. Kachunguze petroli kwanza, halafu plagi, halafu filta. Omba risiti kila unapojaza, maana bila risiti huwezi hata kulalamika. Na kama nozeli kweli zimeziba sana, mpelekee fundi mwenye mashine ya kuzipima aone kila moja inanyunyiza vipi.

Mjomba alimwaga tenki lote, akabadilisha plagi na filta. Probox inavuka feri kila asubuhi bila kumisi. Pesa alizotumia ni zaidi ya mara tatu ya ile chupa, na kila akiniona anaanza, "Haya daktari wa magari, leo umetuletea dawa gani?"

Jambo la mwisho. Tumejifunza kuuliza kama injini ni safi. Zamani, risasi ilipokuwa ndani ya petroli, hata hilo lilikuwa jibu la kutosha, na gharama yake ikaenda kwa watoto. Ukishikishwa kichupa chochote, uliza kinasafisha wapi na kinaacha nini.

Na kama mzazi wako au babu yako alifanya kazi refaineri ya Changamwe, hasa kabla ya 2006, niandikie inboksi. Nataka kujua waliambiwa nini kuhusu ile dawa waliyokuwa wakiitia. Hilo nitalifanyia video, hata kama itakuwa ya saa nzima.